Disketi ya Abu: kosa lilikuwa wapi?

Tarehe 8 Aprili 2022, katika mji mdogo wa Abu ulioko mkoa wa Yamaguchi, upande wa magharibi wa kisiwa kikuu cha Japani, yen milioni 46.3 ziliingia katika akaunti ya mkazi mmoja ambaye hakustahili kuzipata. Fedha hizo zilikuwa jumla ya ruzuku ambayo serikali iliitoa wakati wa janga la Uviko-19 kwa kaya zenye kipato kidogo: yen laki moja kwa kila kaya, na katika mji huo kaya zilizostahili zilikuwa 463. Ukizidisha, unapata milioni 46.3 kamili. Mkazi huyo, kijana wa miaka 24, alikuwa mmoja wa walengwa, na alipaswa kupata laki moja kama jirani zake. Aliipata laki yake, na juu yake akawekewa jumla ya laki za watu wote.

Habari hiyo ilitangazwa Japani nzima kwa wiki kadhaa, kwanza kwa sababu ya fedha zenyewe, kisha kwa sababu ya jambo moja dogo lililofahamika wakati yaliyotokea yakielezwa hadharani. Halmashauri ya mji ilikuwa imepeleka benki orodha ya walipwaji ikiwa ndani ya disketi, yaani kile kibamba cha plastiki chenye kilango cha chuma kinachoteleza, ambacho vijana wengi wa leo wanakijua tu kama kijipicha cha kubofya wanapotaka kuhifadhi waraka. Sony, kampuni iliyobuni disketi ya inchi 3.5 mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilikuwa imeacha kuiuza nchini Japani tangu Machi 2011. Miaka kumi na moja baadaye, ofisi ya umma katika nchi hiyohiyo ilikuwa bado inaitumia kulipia watu.

Wengi walifunga hesabu hapo hapo: teknolojia ya kizamani imeleta hasara. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu naamini hukumu hiyo ilitolewa haraka mno, na kwa sababu ndani yake limo jibu la kweli la swali ambalo huulizwa mara kwa mara, kwamba je, bado kuna watu wanaotumia vifaa vya zamani vya kuhifadhia data, na kama wapo, wanangoja nini.

Mambo yalivyokwenda

Malipo ya watu wengi kwa mara moja hayafanywi kwa kuandika hati moja moja. Mlipaji hutayarisha faili yenye mstari kwa kila mlipwaji, ukionyesha benki yake, namba ya akaunti, jina na kiasi, kisha benki huisoma faili hiyo kwa mashine na kugawa fedha. Abu ilitayarisha faili ya namna hiyo, ikaiweka kwenye disketi na kuikabidhi benki. Njia hiyo ilifanya kazi yake sawasawa, na kaya 463 zilipata haki yao.

Kosa lilipita njia nyingine. Mbali na disketi, mtumishi wa halmashauri aliwasilisha benki hati ya karatasi ya kuagiza malipo, ambayo haikuhitajika kabisa. Kwenye hati hiyo paliandikwa jina la mtu mmoja tu, yule aliyekuwa wa kwanza katika orodha, na mbele ya jina lake pakaandikwa jumla ya fedha zote. Benki iliipokea hati kama agizo halali la mteja wake, ikalitekeleza. Ifahamike pia kwamba mwaka wa fedha wa Japani huanza tarehe 1 Aprili, na ndio msimu ambao watumishi wa umma huhamishwa kutoka dawati moja hadi jingine, kwa hiyo wiki ya kwanza ya Aprili ni wiki ambayo kazi nyingi zimo mikononi mwa watu walioanza kuzifanya juzi.

Kilichofuata hakihusu disketi, nami nitakipitia kwa ufupi. Kosa liligundulika siku hiyohiyo, maofisa wakamfuata mkazi yule nyumbani na hata kufuatana naye hadi benki yake ili fedha zirudishwe, lakini akabadili nia kabla ya kuingia ndani. Katika siku zilizofuata alizihamisha fedha, na baadaye akaeleza kuwa amezitumia kwenye kasino za mtandaoni. Alikamatwa mwezi Mei, na Februari 2023 mahakama ya wilaya ya Yamaguchi ikamhukumu kifungo cha miaka 3 kilichoahirishwa kwa miaka 5. Mji ulifanikiwa kurejesha zaidi ya yen milioni 42 kupitia kampuni zilizokuwa zikishughulikia malipo ya kasino hizo.

Je, disketi ilikuwa na hatia?

Tukiyapanga matukio kama yalivyokuwa, disketi haikupoteza data, haikuharibika, haikusomwa vibaya, wala haikuchelewa. Kilichopotosha malipo ni karatasi, na karatasi ilitokana na mtu ambaye hakuwa na mwenzake wa kuihakiki kabla haijatoka mlangoni. Kuilaumu disketi kwa hasara ya Abu ni sawa na kumlaumu tarishi aliyefikisha barua yake salama, ilhali barua yenye makosa ilibebwa na tarishi mwingine.

Hata hivyo siko tayari kuiachia huru moja kwa moja. Disketi ina upungufu mmoja ambao haukutajwa sana katika mjadala ule, nao ni kwamba haisomeki kwa macho. Mtu akikabidhiwa disketi hawezi kujua ndani yake mna malipo mangapi, ya kiasi gani, wala ya nani, na disketi yenyewe haiwezi kutiwa sahihi ya mkuu wa idara kwa namna ambayo benki itaitambua. Ndiyo maana ofisi zinazotumia vifaa vya namna hii huzoea kuandamanisha kifaa na karatasi: orodha iliyochapwa, jumla, muhuri. Kazi moja inakuwa na njia mbili zinazokwenda sambamba, moja ya mashine na nyingine ya mkono, na yeyote aliyewahi kufanya kazi ya uhasibu anajua kwamba palipo na njia mbili za kulipa deni moja, ipo siku deni litalipwa mara mbili. Kwa maoni yangu hapo ndipo disketi inapohusika na kisa cha Abu. Haikutenda kosa, lakini iliishi katika utaratibu uliolazimisha karatasi izunguke kando yake, na katika mzunguko huo karatasi moja isiyohitajika haikumshtua mtu.

Atakayesema kwamba mfumo wa mtandaoni ungezuia yote haya anasema nusu ya kweli. Mifumo mingi ya benki ya kulipia mtandaoni humtaka mtu mmoja aandae na mwingine aidhinishe, na huyo wa pili angeliona jina moja mbele ya mamilioni. Lakini kinga hiyo imo katika sharti la watu wawili, wala haimo katika waya. Ofisi inayotumia disketi inaweza kuweka sharti hilo leo, na ofisi inayotumia mtandao inaweza kulipuuza kwa kumpa mtu mmoja nywila zote mbili.

Kwa nini ilikuwa bado ipo mezani

Hapa ndipo penye kiini cha kisa, na hapa ndipo ninapoona wasomaji wengi walikosea, kwa kudhani kwamba ofisi ya Abu ilishikilia disketi kwa uzembe au kwa mapenzi ya mambo ya kale.

Tuanze na hesabu ya kawaida. Mabenki ya Japani yana muundo wa pamoja wa faili za malipo, ambamo kila mstari una baiti 120 tu, yaani nafasi ya herufi au tarakimu 120. Walipwaji 463, pamoja na mstari wa utangulizi, mstari wa jumla na mstari wa kufunga faili, ni mistari 466, sawa na baiti 55,920. Disketi ya kawaida ya inchi 3.5 ina nyuso 2, kila uso una njia 80 za duara, kila njia ina vipande 18, na kila kipande huchukua baiti 512, hivyo jumla yake ni baiti 1,474,560. Faili ya malipo yote ya Abu, ikiandikwa katika muundo huo, isingefikia asilimia 4 ya nafasi hiyo. Disketi moja ingetosha mistari 12,000 na zaidi, na mji mzima una wakazi takriban 3,000. Kifaa ambacho hakiwezi kubeba hata picha moja ya kawaida iliyopigwa kwa simu ya leo kilikuwa kikubwa kupita kiasi kwa kazi hii. Mtumishi aliyekuwa akiitumia hakuwahi kufikia siku ambayo disketi ingemwambia kwamba imejaa, na kifaa kisichomkwaza mtumiaji wake hakimpi sababu ya kutafuta kingine.

Sababu ya pili ina uzito zaidi. Vifaa vya zamani vya kuhifadhia data vinavyotumika hadi leo viko katika makundi mawili, na makundi hayo hayafanani hata kidogo. Kundi la kwanza ni la vifaa vilivyofungwa ndani ya mashine. Mfumo wa kuongoza treni za Muni katika mji wa San Francisco, uliowekwa mwaka 1998, ulikuwa bado unapakiwa kila asubuhi kutoka disketi za inchi 5.25 wakati bodi ya usafiri ya mji huo ilipoidhinisha, Oktoba 2024, mkataba wa dola milioni 212 na kampuni ya Hitachi Rail wa kuubadilisha. Jeshi la Marekani lilitumia disketi za inchi 8 katika mfumo wa kupitisha amri za silaha za nyuklia, zikisomwa na kompyuta za IBM Series/1 za miaka ya 1970, hadi mwaka 2019. Ndege za Boeing 747-400 zimekuwa zikipokea data mpya za safari kila baada ya siku 28 kupitia disketi za inchi 3.5, na zipo cherehani kubwa za kudarizi zinazosoma mapambo yao kwenye disketi hadi leo. Katika kundi hili disketi ni kiungo cha mwili wa mashine. Kuiondoa ni kuipasua mashine, kuijaribu upya, kuithibitisha upya, na gharama yake huhesabiwa kwa mamilioni.

Disketi ya Abu imo katika kundi la pili. Haikuwa sehemu ya mashine yoyote. Ilikuwa bahasha iliyotembea baina ya ofisi mbili, na bahasha ina masharti yake: anayeituma na anayeipokea lazima wakubaliane. Halmashauri haiwezi kuamka asubuhi ikaacha kutumia disketi iwapo dirisha la benki limezoea kupokea disketi na mkataba wa huduma umeandikwa hivyo. Benki nayo haiwezi kulifunga dirisha hilo iwapo wateja wake wa miaka mingi, tena ofisi za umma, bado wanaleta disketi kila mwezi. Kila upande unamngoja mwenzake. Hakuna anayeipenda disketi, na hata hivyo disketi inaendelea kwenda na kurudi, kwa sababu gharama ya kuiacha inamwangukia yule atakayetangulia kuiacha, ilhali faida wanagawana wote.

Ushahidi wa hoja hii uko Tokyo. Baadhi ya kata za jiji hilo zilikuwa zikipeleka data za malipo benki kwa disketi kama ilivyofanya Abu. Kata ya Minato ilihamia mtandaoni mwaka 2019. Kata ya Meguro ilichelewa zaidi, na kilichoisukuma hakikuwa kuharibika kwa disketi. Maofisa wake walieleza kwamba karibu hazikuwahi kuwaangusha. Kilichowasukuma ni taarifa ya benki ya Mizuho kwamba itatoza yen 50,000 kwa mwezi kwa mteja anayeleta data katika vifaa vya kushikika. Bahasha ilipowekewa bei, mazungumzo yaliyokuwa yamelala kwa miaka yakaamka, na kata ikapanga kuhamishia kazi hiyo mtandaoni. Teknolojia ilikuwa ileile ya mwaka uliotangulia. Kilichobadilika ni kwamba upande mmoja ulitangulia kusema hapana, na ukasema kwa bei.

Sheria iliyotaja disketi kwa jina

Benki na mteja wake wanaweza kumaliza mambo yao kwa mazungumzo. Palipo na sheria, mazungumzo hayatoshi.

Miezi minne baada ya tukio la Abu, Agosti 2022, Kono Taro aliteuliwa kuwa Waziri wa Dijitali wa Japani. Ni yeye ambaye miaka miwili kabla, akiwa waziri wa mageuzi ya utawala, aliongoza juhudi za kuondoa ulazima wa muhuri binafsi katika nyaraka nyingi za serikali. Mwishoni mwa mwezi huo wa Agosti alitangaza vita dhidi ya disketi. Ilikuwa imebainika kwamba taratibu zipatazo 1,900 za serikali ziliwataka wananchi au wafanyabiashara wawasilishe taarifa kwa kutumia kifaa maalumu, kama disketi, sidii au minidiski. Waziri aliwauliza waandishi wa habari mahali ambapo mtu anaweza hata kuinunua disketi siku hizi.

Neno la kuzingatia hapo ni «maalumu». Wakati kanuni hizo zilipoandikwa, kutaja disketi kulikuwa hatua ya maendeleo: mwananchi aliruhusiwa kuacha marundo ya karatasi na kuleta kifaa kidogo kinachoingia mfuko wa shati. Mwandishi wa kanuni, kwa nia njema ya kuwa dhahiri, akakitaja kifaa kwa jina lake. Ubaya wa kutaja kifaa kwa jina ni kwamba jina halikui pamoja na nyakati. Kanuni ingeandikwa tu kwamba taarifa ziletwe katika hali ambayo kompyuta inaweza kuzisoma, ingedumu miaka mia; ilipoandikwa disketi, ilianza kuzeeka siku ileile ilipochapwa. Na ofisa wa dirishani, ambaye wajibu wake ni kufuata maandishi, hana mamlaka ya kuamua kwamba barua pepe ni namna ya disketi. Akiikubali na baadaye pakatokea mgogoro, ni yeye atakayeulizwa. Sisi tunaosubiri upande wa pili wa kioo tunamwona mtu mgumu, ilhali naye amefungwa na sentensi iliyoandikwa kabla hajaajiriwa.

Kwa sababu hiyo kazi ya waziri haikuwa kununua kompyuta. Ilikuwa kazi ya wanasheria, ya kupekua vifungu kimoja kimoja na kufuta maneno. Januari 2024 Wizara ya Uchumi, Biashara na Viwanda ilirekebisha kanuni zake 34. Tarehe 28 Juni 2024, Wakala wa Dijitali, chombo kilichoanzishwa Septemba 2021 kusimamia mageuzi haya, ulikuwa umekwisha kufuta kanuni 1,034 zilizohusu matumizi ya disketi, na Kono akatangaza kwamba wameshinda vita hivyo. Kanuni moja tu ilibaki, ya mazingira, inayohusu urejelezaji wa magari. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam anayeendesha gari lililotumika Japani kabla ya kuvuka bahari hana haja ya kutafuta disketi yoyote, lakini inapendeza kujua kwamba ngome ya mwisho ya disketi katika sheria za nchi ile ilikuwa katika jambo la magari, ambalo ndilo linalotuunganisha nayo zaidi.

Hatari ambayo ni ya disketi yenyewe

Nimeitetea disketi katika hasara ya Abu, na sasa napaswa kueleza pale inapostahili lawama bila kutetewa. Desemba 2021, miezi minne kabla ya kisa chetu, polisi wa Tokyo walitangaza kwamba wamepoteza disketi mbili zilizokuwa na taarifa za watu 38 walioomba nyumba za umma katika kata ya Meguro. Hapo hapakuwa na karatasi ya ziada wala mtumishi mgeni wa kulaumiwa. Bahasha ilitumwa, bahasha ikapotea, na ndani yake mlikuwa na maisha ya watu.

Kosa la namna hii limo katika umbile la kifaa. Disketi ni nyepesi, haina jina la mwenyewe ila lile lililoandikwa kwa kalamu kwenye lebo, na ikinakiliwa na mtu asiyehusika haibaki alama yoyote ya kuonyesha kwamba imefunguliwa. Mfumo wa mtandaoni uliosimamiwa vizuri huandika nani aliingia, saa ngapi, na alifungua nini. Disketi haikumbuki chochote kuhusu mikono iliyoishika. Wapo wanaojibu kwamba disketi angalau haiwezi kuvamiwa kutoka ng'ambo, kwa kuwa haijaunganishwa na mtandao wowote, na jibu hilo lina ukweli ambao maofisa usalama wa Marekani wenyewe waliutaja kuhusu mfumo wao wa nyuklia. Lakini mfumo wa nyuklia una walinzi wenye silaha mlangoni. Orodha ya waombaji nyumba hubebwa kwenye mkoba. Kwa data za watu wa kawaida, nasema bila kusitasita kwamba disketi, na flashi isiyofungwa kwa nywila pia, haistahili kuwa bahasha.

Hilo la flashi nalitaja kwa makusudi. Wengi wetu tuliomcheka mtumishi wa Abu tunapeleka orodha za mishahara, matokeo ya wanafunzi na kumbukumbu za wagonjwa kwa flashi ya mfukoni, kutoka ofisi moja hadi nyingine, kwa sababu ileile iliyoifanya Abu itumie disketi: huyo wa upande wa pili ndivyo anavyopokea. Flashi ni mpya zaidi na ina nafasi kubwa mara maelfu, na ukubwa huo unaongeza hasara inapopotea.

Kilichobaki kwenye droo

Kufutwa kwa kanuni 1,034 kunaeleza kile ambacho ofisi italazimika kupokea kuanzia sasa. Hakugusi kilichokwisha kupokewa. Miongo mitatu ya taarifa zilizowasilishwa kwa disketi imeacha disketi kwenye makabati, huko Japani na kwetu pia, ambako ofisi nyingi, vyuo na magazeti yaliandika kazi zao za miaka ya 1990 kwenye vifaa hivyohivyo. Data za disketi zimehifadhiwa kama alama za sumaku kwenye utando mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa oksidi ya chuma, na kichwa cha kusomea huugusa utando huo wenyewe unapozunguka. Kadiri miaka inavyopita alama hudhoofu, upako hulegea, na penye unyevunyevu, kama ulivyo mwambao wetu, ukungu huota juu yake.

Hapa hoja ya bahasha inageuka. Aliyeandika disketi mwaka 1995 aliituma kwa mtu wa miaka ya mbele, na mpokeaji huyo ndiye sisi, lakini kiendeshi cha kuisomea kinazidi kuadimika. Kwa disketi za inchi 3.5 bado vinapatikana viendeshi vya nje vinavyochomekwa kwenye kompyuta ya kisasa kwa waya wa kawaida wa USB, navyo husoma sehemu kubwa ya disketi zilizoandikwa kwa kompyuta za ofisini. Za inchi 5.25 na inchi 8 zinahitaji kiendeshi cha zamani chenyewe pamoja na bodi maalumu ya kielektroniki ya kukiunganisha na kompyuta, kazi ambayo afadhali apewe fundi mwenye uzoefu.

Anayeifungua droo hiyo leo aanze kwa kutazama utando kabla ya kuingiza chochote, kwa kusogeza kilango cha chuma taratibu na kuuelekeza kwenye mwanga. Yenye madoa ya ukungu isiingizwe, kwa sababu itachafua kichwa cha kusomea, na kichwa kichafu kitaikwaruza disketi nzima inayofuata. Iliyo safi ifungwe kwanza isiandikike: kwenye disketi ya inchi 3.5 kitufe cha pembeni husogezwa mpaka tundu libaki wazi, ilhali kwenye ile ya inchi 5.25 mambo ni kinyume, pengo la ubavuni ndilo hufunikwa kwa karatasi ya gundi. Kisha inakiliwe yote kwa mara moja, kipande kwa kipande, iwe taswira moja kamili kwenye kompyuta, kabla ya mtu yeyote kujaribu kufungua faili hata moja iliyomo, kwa kuwa disketi iliyochoka huenda ikasomeka mara hiyo moja tu.